Nilivyochonga kito cha pete kutoka akiki ghafi

Jiwe lilikuja na rangi ya maji ya ukwaju, wala si ule wekundu wa pete za wazee. Hiyo si kasoro. Akiki ni silika, kitu kilekile kilichomo kwenye mchanga, iliyojaa polepole ndani ya mashimo ya mapovu ya lava iliyoganda. Rangi yake inatokana na chuma: chuma kilichoshika maji huwa cha manjano-kahawia, na moto ukiyafukuza maji, jiwe hugeuka jekundu. Ndiyo maana akiki ya Ratanpur, jimbo la Gujarat nchini India, huokwa kabla ya kung'arishwa na mafundi wa mji wa Khambhat.

Kipande cha kwanza kilipasuka. Kilikuwa na unene wa sentimita 3 na nilipandisha moto haraka; maji ya ndani yakawa mvuke yakakosa pa kutokea, jiwe likajaa nyufa kama utando wa buibui. Cha pili nilikikata kwanza hadi milimita 6, nikakianika juani siku kadhaa, nikakifukia kwenye mchanga mkavu ndani ya chungu. Tanuru nililipandisha nyuzi 50 kwa saa hadi 300, nikaliacha hapo saa 4, nikalizima. Sikufungua hadi kesho yake.

Umbo la yai, milimita 14 kwa 10, nililichora kwa ncha ya msumari wa shaba, maana wino huoshwa na maji. Kubandika jiwe kwa nta kwenye kijiti cha kulishikia kunataka jiwe lenyewe liwe na joto; likiwa baridi, nta hugusa tu bila kushika. Nilianza na gurudumu la almasi namba 220, kisha 600, 1200 na 3000 (namba ikipanda, chembe huwa laini zaidi), daima kwa maji yanayotiririka na barakoa usoni. Vumbi la silika linaua mapafu, hapa sina mzaha.

Kila hatua lifute jiwe likauke, ulitazame chini ya taa. Maji huficha mikwaruzo, na mkwaruzo wa 220 hauondoki kwa 3000, itabidi urudi kwenye magurudumu ya mwanzo.

Mng'aro wa mwisho ni unga wa oksidi ya seriamu juu ya ngozi yenye unyevu. Kazi hasa hufanyika ngozi inapokaribia kukauka na kuanza kulivuta jiwe. Ukizidisha, joto huilainisha nta.

Kulitoa jiwe kijitini, usilichokonoe kwa kisu. Liweke kwenye friza dakika 15, nta itaachia yenyewe.