Mafundi wenzangu niliowakuta Metropolitan

Mnaoniuliza kutoka Nairobi nimeona nini New York, leo nawajibu: nendeni ukumbi wa silaha katika jumba la makumbusho la Metropolitan. Sisi wakazi wa jimbo hili tunalipa kadiri ya uwezo wetu, kwa hiyo nikipata siku ya mapumziko huwa naenda. Kabla ya kuja huku nilikuwa nafua bati Kamukunji, sasa nachomelea vyuma Bronx. Jicho langu halipiti chuma.

Kuna kofia ya vita aliyoifua Filippo Negroli wa Milan mwaka 1543. Juu yake kalala nguva, kashika nywele za kichwa cha Medusa, yule mwanamke wa hadithi za Wagiriki mwenye nyoka kichwani, kilichokunja uso juu ya paji. Yote hayo yametoka katika kipande kimoja cha chuma cha pua! Fedha na shaba ni laini, zinamtii fundi. Chuma cha pua ukikigonga kikiwa baridi kinazidi ugumu, na ukikazana kinapasuka. Lazima kirudi motoni kilegee, ugonge, kirudi tena. Na kila umbo linapotokeza, bati linazidi kuwa jembamba. Nimeinama mbele ya kioo nikitafuta kiraka au ufa kwenye pua ya Medusa. Sijaona. Negroli aliandika jina lake pale, na alistahili.

Katika ukumbi huohuo kuna bastola ya mitutu miwili ya mfalme mkuu Charles V, iliyotengenezwa kati ya 1540 na 1545 na Peter Peck wa Munich, aliyekuwa pia fundi saa. Usishangae: bastola hizo ziliwashwa na kigurudumu cha chuma kinachosugua jiwe hadi litoe cheche. Unaweza kuificha ndani ya joho ikiwa tayari kufyatuliwa, ndiyo maana babu yake, Maximilian I, alizipiga marufuku mwaka 1517.

Nakshi za bastola hiyo ya Charles ni kazi ya Ambrosius Gemlich. Ufundi huo ni wa tindikali: unapaka chuma nta, unakwaruza mchoro mpaka chuma kionekane, kisha unaacha tindikali ile palipo wazi. Daniel Hopfer wa Augsburg aliuchukua ufundi huohuo akachapia picha kwenye karatasi.

Dhahabu iliyopakwa kwenye silaha za namna hii ndiyo inayoniuma. Waliichanganya na zebaki ikawa kama uji mzito, wakaupaka kwenye chuma, wakauweka motoni. Zebaki inapaa, dhahabu inabaki imeshika. Mimi nikichomelea bati lenye zinki navaa barakoa na feni inavuta moshi, na bado jioni nina homa ya mvuke. Wale waliinamia jiko la mkaa wakivuta zebaki mwaka hadi mwaka, mpaka mikono ikaanza kutetemeka na meno kulegea. Wafalme waliovaa kazi yao tunawajua kwa majina na kwa namba.