Makofi na Lifti ya Nyuma

Wapendwa katika Kristo, neno letu la juma hili linatoka Mithali 14:13: "Hata wakati wa kucheka moyo huwa na huzuni." Kila niliporudi kwenye mstari huo nilimkumbuka Bert Williams, mchekeshaji mweusi aliyezaliwa Nassau, Bahama, mwaka 1874, akakulia Marekani na kuwachekesha watu wa huko kuliko wengi wa zama zake.

Mwaka 1903 yeye na mwenzake George Walker walipeleka Broadway, mtaa wa kumbi kubwa za maigizo mjini New York, mchezo mzima wenye nyimbo, uliotungwa na kuigizwa na watu weusi, kisha wakauonyesha London, hata mbele ya familia ya kifalme. Mwaka 1910 aliajiriwa katika maonyesho ya Ziegfeld, mwandaaji maarufu wa michezo ya jukwaani, pamoja na Wazungu, na baadhi yao wakatishia kuacha kazi akibaki. Alibaki.

Tumtazame usoni kwa karibu. Kabla ya kupanda jukwaani, mtu huyu mrefu, mpole, mpenzi wa vitabu, alijipaka masizi ya kizibo kilichounguzwa, akavaa wigi na glavu, kwa sababu watazamaji wa siku zile walitaka mchekeshaji mweusi afanane na kikaragosi walichokuwa nacho vichwani mwao, na rangi aliyopewa na Muumba haikuwatosha. Onyesho likiisha alinawa masizi yale, lakini hotelini alitakiwa kupanda kwa lifti ya nyuma. Alimwambia Eddie Cantor, mwigizaji mwenzake, kwamba isingekuwa vibaya sana kama asingekuwa bado anayasikia masikioni makofi ya watazamaji. Maneno hayo hunichoma kila ninapoyakumbuka.

Wapo wanaomlaumu kwa kukubali masizi. Mimi naona lawama ni ya wale waliolipa kiingilio wayaone, wala siwezi kumdai mtu ujasiri ambao mimi mwenyewe sijawahi kudaiwa.

Februari 1922, akiwa na nimonia, aliendelea kuigiza mjini Detroit hadi akaanguka jukwaani. Watu walicheka, wakidhani ni sehemu ya mchezo. Alifariki New York tarehe 4 Machi, akiwa na umri wa miaka 47.

BWANA alimwambia Samweli kwamba wanadamu huitazama sura ya nje, bali Yeye huutazama moyo. Nimeuwazia sana ukumbi ule wa Detroit: watu wote wanacheka, na Mungu anaona kifua cha mgonjwa kinavyohangaika kutafuta pumzi.

Jumatano nilimpigia simu ndugu yetu anayesherehesha harusi za usharika wetu, aliyemzika mkewe mwaka huu. Alianza na mzaha kama kawaida yake, nami nikacheka. Lakini safari hii sikuaga, nikamwuliza analalaje siku hizi. Alinyamaza kwa muda mrefu, halafu akaanza kusimulia.