Kabla ya Kupima Mkono wa Mtoto, Uliza Nani Anakula na Nani

Fomu tunazojaza katika kazi ya lishe zina nafasi ya karibu kila kitu. Ekari ngapi, mifugo mingapi, maji yanachotwa wapi, choo ni cha aina gani, mtoto amekula nini tangu jana. Tunahesabu makundi manane ya chakula, na mtoto wa miezi 6 hadi 23 asiyefikisha matano tunaandika kuwa mlo wake una upungufu. Kisha tunazungusha utepe kwenye mkono wake. Ukisoma chini ya sentimita 11.5 rangi ni nyekundu, na hapo mbio za kumwokoa zinaanza. Swali ambalo sijalikuta kwenye fomu yoyote ni hili: jirani akikupa uji, unaunywa? Na wewe ukimpa, anaunywa?

Nimefanya kazi hii vijijini miaka mingi, na naamini swali hilo linaeleza mengi kuliko idadi ya ekari. Katika kijiji kimoja utepe ulikuwa ukitoka mwekundu upande mmoja tu, kwenye nyumba za ukoo wa wafinyanzi. Ardhi yao ilikuwa ndogo, ndiyo, lakini kulikuwa na familia nyingine zenye ardhi ndogo vilevile na watoto wao walikuwa na afya. Vyungu vya wafinyanzi vilipikia kila nyumba kijijini, ila chakula kilichotoka mikononi mwao hakuna aliyekila. Mashineni walisaga wa mwisho, baada ya wote. Mama aliyeondoka na mahindi yake mchana alirudi na unga giza limeshaingia, na mtoto alikuwa amelala bila kula. Siku za kupima watoto hawakuonekana. Nilipomfuata mmoja wao nyumbani kwake akanijibu, “Daktari, nikija mimi, wao watainuka na watoto wao waondoke. Sasa nani atabaki umpime?”

Kila niliyemuuliza sababu alinitajia dini. Nikauliza kiongozi wao wa dini, mzee mtaratibu, anionyeshe palipoandikwa. Hakuwa na pa kunionyesha, na alisema hivyo bila kuzunguka.

Ndiyo maana nasita ninapowasikia wenzangu wakisema dini inazuia lishe. Mara nyingi dini imeacha mlango wazi, na aliyesimama mlangoni ni jirani.

Chukua mfungo wa Ramadhani. Ruhusa ya mgonjwa na msafiri imo ndani ya Kurani yenyewe, sura ya pili, na wanazuoni wakampa ruhusa hiyo pia mjamzito na anayenyonyesha anapohofia afya yake au ya mtoto. Kwa madhehebu ya Shafi, akila kwa kujihofia mwenyewe atazilipa siku zake baadaye. Akila kwa kumhofia mtoto tu, atazilipa na kutoa kibaba cha chakula kwa kila siku. Sheria iko wazi. Lakini kaa na wanawake wenyewe, wakikuzoea, usikie kwa nini wengi wanafunga na mimba zao. Mwaka huu ana mimba, mwaka ujao ananyonyesha, na unaofuata huenda ana mimba nyingine, kwa hiyo siku za kulipa zinarundikana. Kuzilipa ni kufunga peke yako katika mwezi wa kawaida, huku ukilima na kuipikia nyumba nzima chakula cha mchana. Kufunga pamoja na kijiji kizima ni kwepesi zaidi, maana hata kazi za shamba zinapangwa kufuata saa za futari. Halafu kuna mama mkwe, ambaye yeye alifunga mimba zake zote na haoni kwa nini mkaza mwana ashindwe. Mwanamke anayekula mchana anakula kwa kujificha, na anayekula kwa kujificha hula kidogo.

Mwaka 2011 wachumi Douglas Almond na Bhashkar Mazumder walichapisha uchambuzi wa takwimu za Michigan, Uganda na Iraq. Kwa Uganda na Iraq waliona kwamba Waislamu watu wazima ambao mimba zao zilikutana na Ramadhani katika miezi ya mwanzo walikuwa na uwezekano wa kuwa na ulemavu uliozidi wa wenzao kwa takriban asilimia 20. Takwimu zile zilitazama wakati wa kuzaliwa tu, hazikujua ni mama yupi alifunga na yupi hakufunga, kwa hiyo sizitumii kumtisha mjamzito yeyote. Nawapelekea mashehe. Shehe akiitaja ruhusa ile msikitini mbele ya waume na wana, mkaza mwana nyumbani anapata pa kusimama. Mimi nikiitaja kliniki, anabaki na karatasi tu.

Ethiopia mambo yanafanana, ingawa dini ni nyingine. Waumini wa Kanisa la Orthodoksi hufunga Jumatano na Ijumaa karibu mwaka mzima, hufunga Kwaresima Kuu ya siku 55, na mifungo mingine juu ya hiyo, hata siku za mlei mshika dini zikapita 180 kwa mwaka. Siku hizo hawali nyama, maziwa wala mayai. Kanisa halimtaki mtoto mdogo afunge. Tatizo liko jikoni: mama ana chungu kimoja na kisu kimoja, na kikigusa maziwa ya mtoto, chakula cha watu wazima kimeharibika. Badala ya kukwaruza na kusugua kila mlo, anampikia mtoto kile kile wanachokula wakubwa. Mtoto anafunga bila mtu yeyote kumwambia afunge. Hapa jibu linaweza kuwa sufuria ndogo ya mtoto na kijiko chake, pamoja na padri anayesema mbele ya waumini kwamba Mungu hakuidai njaa ya mtoto wa mwaka mmoja. Gharama yake haifiki hata ya semina moja ya siku nzima.

Na huyo huyo mama pengine anafuga ng'ombe. Mfungo ukiingia, wanunuzi wa maziwa mjini wanapungua, bei inashuka, maziwa yanageuzwa siagi na jibini ili yasiharibike. Mradi uliompa ng'ombe wa kisasa ulipiga hesabu ya lita kwa siku na kuzidisha kwa siku za mwaka. Kalenda ya kanisa haikuwa kwenye hesabu, na mkopo wa ng'ombe hausubiri Pasaka.

Nchi hiyo hiyo ina Wamanja, jamii iliyotengwa ya eneo la Kafa, ambao kwa vizazi vingi wameishi kwa kuwinda na kuuza kuni na mkaa. Majirani zao waliwaita wachafu kwa sababu ya nyama za porini walizokula, na hawakukaa nao kwenye sahani moja. Wapo Wamanja walioacha nyama hizo na kuingia Ukristo au Uislamu. Wengi bado walikuta kwamba ibada ni ya pamoja na chakula si cha pamoja. Hili ndilo linaloniuma kuliko yote niliyoyataja. Mtu ametimiza kila sharti aliloambiwa, amebadilisha mlo, jina na siku ya kusali, na bado anabaki alipokuwa.

Nchini India jambo hili limepewa hata sura ya kisheria. Katiba yake ya mwaka 1950, ibara ya 17, ilifuta utengano wa watu waliohesabiwa najisi, wale wanaojiita Wadalit leo. Amri ya rais ya mwaka huo huo ilipopanga nani anastahili nafasi maalumu za masomo na ajira, iliwataja Wahindu. Masingasinga waliongezwa mwaka 1956, Wabudha mwaka 1990. Mdalit aliyekuwa Mkristo au Mwislamu hakuongezwa, kana kwamba majirani zake wanasoma cheti chake cha ubatizo kabla ya kuamua kama watakunywa maji yake. B. R. Ambedkar, aliyesimamia uandishi wa Katiba ile, alijua maji yana maana gani. Mwaka 1927 aliwaongoza maelfu wakanywa maji ya bwawa la umma la Chavdar mjini Mahad, bwawa ambalo kisheria lilikuwa lao pia. Wa matabaka ya juu wakafanya ibada ya kulitakasa.

Msomaji anaweza kusema hayo ni ya zamani. Uchunguzi uliofanywa katika vijiji 565 vya majimbo 11 ya India na kuchapishwa mwaka 2006 ulikuta kwamba katika karibu nusu ya vijiji vyenye ushirika wa maziwa, Wadalit walizuiwa kuuza maziwa yao humo. Fikiria basi umempa mjane wa Kidalit ng'ombe, kwa nia njema kabisa, ili ajitegemee. Ng'ombe anakula majani, mkopo unadai riba, na maziwa hayana mnunuzi. Watoto watakunywa, utasema. Baadhi yake, ndiyo. Mengine alihitaji kuyageuza chumvi, madaftari na nauli.

Chakula cha shuleni ndicho kinachonipa tumaini na kunitia wasiwasi kwa wakati mmoja. Novemba 2001 Mahakama ya Juu ya India iliamuru shule za msingi za serikali ziwape watoto chakula kilichopikwa, na Aprili 2004 ikaongeza kwamba katika kuajiri wapishi, Wadalit na watu wa jamii za asili wapewe kipaumbele. Naiona amri ya pili kuwa ya busara kuliko ya kwanza. Mtoto aliyekula kwa mkono wa mtu kwa miaka mitano ni vigumu kumfundisha ukubwani kwamba mkono ule ni najisi. Hata hivyo Desemba 2021, katika wilaya ya Champawat jimboni Uttarakhand, wanafunzi wa tabaka la juu walikataa chakula cha mpishi wa Kidalit na kuleta chao kutoka nyumbani. Amri iliwafikisha mezani. Kilichosemwa nyumbani usiku hakikuandikwa kwenye amri yoyote.

Kuna jambo la vyoo ambalo kila afisa lishe angepaswa kulijua. India ilijenga vyoo kwa mamilioni, hasa kuanzia kampeni ya Oktoba 2014. Kinachopendekezwa vijijini ni choo cha mashimo mawili: moja likijaa unahamia la pili, na baada ya muda la kwanza linazolewa, kwa kuwa kilichomo kimeshakuwa udongo usio na madhara. Watafiti Diane Coffey na Dean Spears walieleza kwa nini kaya nyingi ziliendelea kwenda porini hata zilipokuwa na choo. Kuzoa shimo kumefungamana na kazi waliyolazimishwa Wadalit, kwa hiyo mwenye choo hataki kulizoa mwenyewe, na Wadalit nao, kwa haki kabisa, hawataki tena kuitwa. Spears na Michael Geruso wakaonyesha jambo la kushangaza: watoto wa Kiislamu nchini humo hufa kwa kiwango kidogo kuliko wa Kihindu ingawa kwa wastani Waislamu ni maskini zaidi, na sababu kubwa waliyoiona ni kwamba kaya za Kiislamu hutumia vyoo zaidi na huishi karibu na wengine wanaovitumia. Kinyesi kilichotapakaa kinaingia tumboni mwa mtoto kupitia vidole, maji na nzi, utumbo unaugua mara kwa mara, na chakula alichokula hakimfikii. Uchunguzi wa kitaifa wa 2019 hadi 2021 ulikuta watoto 35.5 katika kila 100 chini ya miaka mitano wamedumaa. Huwezi kuutibu udumavu huo kwa unga wa lishe peke yake.

Sitaki mtu atoke hapa akidhani dini ni mzigo tu. Zaka ya mazao, sehemu ya kumi kwa shamba la mvua na nusu yake kwa shamba la kumwagilia kwa gharama, ni hifadhi ya jamii iliyotangulia serikali zetu zote. Torati iliagiza pembe za shamba zisivunwe ili maskini na mgeni wapate pa kuokota. Ukame ukija, nimeona msikiti na kanisa vikifika na magunia wakati sisi bado tunajaza maombi ya fedha. Ninachouliza ni orodha ya wapokeaji imeanzia wapi, na imeishia nyumba ipi.

Kwa hiyo siku hizi, kabla ya fomu, nauliza mambo machache ambayo hayana kisanduku. Nani huzika na nani. Harusi ikiwapo, nani hupewa chakula akale kwake. Kisima kiko kwenye uwanja wa nani. Ijumaa mchana, Jumamosi au Jumapili, ni siku ipi nikiitisha mkutano nitakuwa nimewafungia watu nje. Wanaume hawanijibu yote. Watoto hujibu yote, maana wao ndio wanaotumwa na kurudishwa.

Na mradi ukiajiri mpishi kutoka upande uliotengwa, tumpe mkataba ulioandikwa, tumlipe kwa wakati, na tukubaliane na viongozi wa dini zote za kijiji, kabla moto haujawashwa siku ya kwanza, kwamba watakuja wao wenyewe na kula alichopika mbele ya wazazi.