Jinsi Nilivyowafikia Pengwini wa Cabo Vírgenes

Cabo Vírgenes ni rasi iliyoko kwenye ncha ya kusini-mashariki ya Argentina bara, katika jimbo la Santa Cruz, mahali ambapo Mlango Bahari wa Magellan unafungukia Bahari ya Atlantiki. Hapo pana mnara wa taa wa mwaka 1904, nguzo ya kilomita sifuri ya Barabara ya Taifa namba 40, ambayo kutoka hapo hupanda kaskazini kwa zaidi ya kilomita 5,000 hadi mpaka wa Bolivia, na ufukwe mrefu wa kokoto unaokaliwa na makumi ya maelfu ya jozi za pengwini wa Magellan kuanzia Septemba hadi Aprili. Watalii wengi wanaotaka kuwaona pengwini hao huenda Punta Tombo, katika jimbo la Chubut, ambako wapo wengi zaidi na mabasi hufika bila shida. Mimi sikupenda kuwatazama ndege nikiwa kwenye foleni, kwa hiyo nilipopata nafasi ya kwenda Argentina niliamua kushuka hadi mwisho wa nchi, nikijua kwamba jambo la kupangia zaidi ya umbali litakuwa upepo.

Sisi tuliolelewa Mombasa tunaujua upepo kwa zamu zake: kaskazi ikiisha huja maleleji, kisha kusi, na manahodha wa zamani walipanga mwaka wao mzima kwa kufuata mzunguko huo. Upepo wa Patagonia hauna zamu. Hutoka magharibi mwaka mzima, kwa sababu katika latitudo hizo, takribani nyuzi 52 kusini mwa ikweta, dunia imezungukwa na bahari tupu na karibu hakuna nchi kavu ya kuuzuia isipokuwa ncha hiyo ya Amerika Kusini. Ukifika kwenye milima ya Andes huacha mvua yake upande wa Chile, kisha huteremka upande wa Argentina ukiwa mkavu na wenye kasi. Isitoshe, huvuma kwa nguvu zaidi katika miezi ya joto ya huko, yaani wakati ule ule ambao pengwini wako nchi kavu. Hakuna namna ya kuukwepa kwa kuchagua mwezi. Unaloweza kuchagua ni saa, kwa kuwa asubuhi mara nyingi huwa na utulivu kiasi na mchana ukisonga upepo huongezeka.

Kuhusu mwezi, nilifuata ratiba ya ndege wenyewe. Madume hufika kwanza, mwezi wa Septemba, na kila mmoja hujaribu kurudi kwenye kiota alichokitumia mwaka uliopita. Majike hufuata baadaye. Mayai, ambayo kwa kawaida ni mawili, hutagwa mwezi wa Oktoba na huatamiwa kwa muda wa siku 40 hivi, wazazi wakipokezana, mmoja akiwa juu ya mayai na mwenzake akiwa baharini akitafuta samaki. Kuanzia katikati ya Novemba makinda huanguliwa. Ikifika Februari makinda huanza kuingia majini, na wazazi wao hubaki ufukweni wakibadilisha manyoya kwa wiki kadhaa bila kula, kwa kuwa ndege ambaye manyoya yake mapya hayajakamilika hawezi kuhimili baridi ya maji. Aprili huondoka kufuata samaki kaskazini hadi maji ya Brazil. Nilichagua nusu ya pili ya Desemba, kwa sababu wakati huo makinda wameshakua kiasi cha kuonekana na wazazi hupita kila mara kati ya bahari na viota, jambo ambalo kwangu ndilo lililostahili safari.

Kutoka Buenos Aires nilipanda ndege hadi Río Gallegos, mji mkuu wa jimbo la Santa Cruz, nikakodi gari dogo lenye magurudumu mazito kidogo kuliko ya kawaida. Kabla ya kutia saini niliusoma mkataba wa bima kwa makini na kuona kwamba uharibifu wa milango unaosababishwa na upepo haulipwi kabisa, wala gari kupinduka kwenye barabara ya changarawe. Masharti hayo hayakuwekwa kwa kumwogopesha mteja. Mlango ukifunguliwa huku upepo ukitokea nyuma ya gari, huweza kung'olewa na bawaba zake. Kwa hiyo nilijiwekea utaratibu ambao sikuuvunja: kila niliposimama, niligeuza gari ili pua yake ielekee magharibi, nikashusha kioo kidogo ili kuupima upepo, kisha nikafungua mlango nikiwa nimeushika kwa mikono yote miwili. Nilibeba pia tairi mbili za akiba, maji, chakula cha siku nzima na mafuta ya gari ya kutosha kwenda na kurudi, kwa kuwa njiani hakuna kituo cha mafuta hata kimoja.

Safari yenyewe ni ya kilomita 130 hivi. Sehemu ya kwanza ni lami. Baada ya kuiacha barabara kuu unaingia kwenye changarawe ambayo hukupitisha katikati ya mashamba makubwa ya kondoo, huku mabomba na magari ya visima vya mafuta na gesi yakionekana hapa na pale. Niliondoka saa kumi na mbili asubuhi, wakati jua limeshapanda, kwa sababu katika mwezi huo huchwa karibu na saa nne usiku na mchana hauna haraka. Mwendo wa kilomita 60 kwa saa ulinitosha, nami nilipunguza zaidi kila gari lililobeba mzigo liliponijia kwa mbele, maana mawe yanayorushwa na magurudumu yake ndiyo yanayovunja vioo. Guanako, wanyama jamii ya ngamia wasio na nundu, walikuwa wakiruka nyaya za uzio bila kujali, na mara moja niliwaona ndege wakubwa wanaofanana na mbuni wakikimbia na watoto wao sambamba na gari.

Kwenye hifadhi, ambayo iko kilomita chache kusini mwa mnara, nilipokewa na mlinzi aliyeandika jina langu daftarini na kuuliza natoka nchi gani. Nilipomjibu, akasema kwa Kihispania chepesi ili nimwelewe kwamba kwetu basi kuna simba, na hapa nisidhani kwamba ndege mfupi hana meno. Kisha akanipa masharti: nisitoke kwenye njia iliyowekewa alama, nisimkaribie ndege yeyote kwa chini ya hatua mbili, na pengwini akitaka kuvuka njia nisimame hadi apite, hata ikichukua muda. Tena nisiguse ndege aliyekufa. Sharti hilo la mwisho lina uzito wake tangu mafua makali ya ndege yalipoingia Argentina mwaka 2023 na kuua pia wanyama wa baharini kwa wingi.

Njia ya miguu hupita katikati ya vichaka vya kijani iliyokolea viitwavyo mata verde, vyenye kunukia utomvu, ambavyo huota vizuri kwenye udongo wa chumvi. Huko Punta Tombo pengwini wengi huchimba mashimo. Hapa ardhi ni ya kokoto tupu na shimo huporomoka, kwa hiyo vichaka ndivyo vinavyotumika kuwa nyumba. Karibu chini ya kila kichaka alikuwapo mmoja, amelala kifudifudi juu ya makinda mawili ya kijivu, akinitazama kwa jicho moja kisha kwa jingine. Kichwa kinapoanza kuzungushwa huku na huku kwa haraka, ndege anakuarifu kwamba umekaribia mno, na hatua moja ya kurudi nyuma humtuliza. Mdomo wake umepinda nchani na hukata. Ule utani wa mlinzi ulikuwa na maana yake. Sauti yao ndiyo iliyonikumbusha nyumbani pasipo kutarajia, kwa kuwa dume anapoinua shingo na kutanua mabawa akilia kwenye kiota chake, mtu aliyewahi kulala Lamu angeapa kwamba punda wapo nyuma ya ukuta.

Nilisimama muda mrefu mahali ambapo njia yetu inakutana na njia yao. Walikuwa wakija kutoka baharini kwa vikundi, matumbo yamejaa, na kila kikundi kilipofika kwenye changarawe iliyokanyagwa na watu kilisita, mmoja akatangulia, wengine wakafuata kwa mwendo wa kuyumba. Wale waliokuwa wakishuka kwenda majini walikuwa na vifua vichafu vya udongo na wale waliopanda walikuwa weupe na wenye kung'aa, hivyo hata bila kuelezwa unajua nani anatoka zamu na nani anaingia. Harufu, lazima niseme, ni kali, na hubaki kwenye nguo.

Ufukwe wenyewe si wa kuogelea wala wa kuota jua. Kokoto zake zilitoka kwenye miamba ya udongo iliyoachwa na barafu ya kale. Bahari huibomoa miamba hiyo na kuyasukuma mawe kusini, na kwa maelfu ya miaka yamejipanga kuwa matuta mengi, tuta baada ya tuta, hadi Punta Dungeness ambako unapita mpaka wa Chile uliowekwa na mkataba wa mwaka 1881. Kutembea juu yake ni kazi, kwa sababu mguu huzama na kurudi nyuma nusu ya kila hatua. Niligundua kwamba kwa vile upepo hutoka nchi kavu, ukishuka upande wa bahari wa tuta la mwisho na kukaa chini unapata kivuli cha upepo. Pengwini nao walikuwa wamejikusanya hapo hapo, na ndipo nilipoweza kula mkate wangu bila kujaza mchanga mdomoni. Wimbi likirudi baharini huburuta kokoto na kuzigonganisha kwa kishindo kinachoendelea hata baada ya maji kuondoka. Niliangalia jedwali la maji kabla ya kwenda, kwa kuwa tofauti kati ya kujaa na kupwa upande huu ni kubwa sana kuliko bamvua yoyote ya kwetu, na maji huja kwa kasi.

Rasi hii ilionwa na baharia Mreno Ferdinand Magellan tarehe 21 Oktoba 1520, siku ya kumbukumbu ya Mtakatifu Ursula na mabikira wenzake, ndiyo maana ikaitwa Vírgenes, yaani mabikira. Miaka 15 kabla ya hapo, mtu huyo alikuwa ametoka Lisbon katika msafara wa Kireno wa Francisco de Almeida, ule ule ulioivamia Kilwa na kuichoma moto Mombasa mwaka 1505. Nilipokuwa nimeketi kwenye kokoto nikiwa mtu wa Mombasa, sikuweza kumfikiria kwa heshima waliyompa wenye vibao vya hifadhi. Wahispania walijaribu kuweka makazi karibu na hapo mwaka 1584, chini ya Pedro Sarmiento de Gamboa, na karibu watu wote walikufa kwa njaa na baridi.

Niliondoka saa nane mchana, wakati upepo umeshakuwa mkali kiasi kwamba nilitembea nimeinama hadi kwenye gari. Hapo ndipo anayekwenda anapaswa kufanya hesabu yake vizuri: asubuhi upepo hukusukuma kutoka nyuma na hauuhisi, lakini kurudi ni kuukabili kwa kilomita zote zile, na sindano ya mafuta ilishuka waziwazi haraka kuliko nilipokuwa nikienda. Asiyetaka kuyafanya yote kwa siku moja anaweza kulala kwenye shamba la Monte Dinero lililo jirani, ambalo hupokea wageni katika msimu wa pengwini, aondoke kesho yake alfajiri kabla upepo haujaamka.