Nyuzi 94

Januari 2016 naingia kidato cha nne, daftari langu la fizikia lilikuwa na kurasa sita tu zilizoandikwa, zote za kidato cha kwanza. Shule yetu ya kata, upande wa Uyole, Mbeya, haikuwa na mwalimu wa somo hilo. Kidato cha pili kiranja alinakili kitabu ubaoni na sisi tukanakili ubao. Kidato cha tatu tukaambiwa anayetaka kuliacha aliache, nami nikaliacha. Nilibaki na baiolojia na kemia nikiamini zitanifikisha chuo cha afya, mpaka siku niliyomsindikiza dada mmoja wa jirani kufuata fomu ya utabibu. Walitaka ufaulu wa yote matatu, na fizikia imo.

Mwezi huohuo akaja mwalimu kijana wa kujitolea. Akasema anayetaka kusajiliwa fizikia ajitokeze, ila ajue ana miezi kumi ya kusoma kazi ya miaka minne. Tukajitokeza saba. Tulisoma saa kumi na mbili asubuhi, kwa baridi ile ya Uyole inayopasua midomo, na Jumamosi kutwa. Nililia kwenye lensi. Nikalia tena kwenye umeme. Novemba tulifanya mtihani na nikapata C, ambayo mpaka leo naipenda kuliko B yangu ya baiolojia. Lakini somo lenyewe lilinikaa kichwani siku moja ya Juni, kabla tu ya likizo.

Tulikuwa kwenye mada ya joto. Tulikwishakariri kwamba maji huchemka kwenye nyuzi 100. Mwalimu akateleka sufuria kwenye jiko la mkaa nje ya darasa, akanipa kipimajoto nikishike ndani ya maji, ncha isiguse chini. Uzi wa zebaki ukapanda: 80, 90, 92. Maji yakatokota. Uzi ukasimama kwenye 94. Nikaongeza mkaa, nikapepea mpaka maji yakaruka nje ya sufuria. Palepale, 94.

“Mwalimu, kimeharibika.”

“Hakijaharibika. Hapa tulipo ni wapi?”

Akatueleza polepole. Huku kwetu ni zaidi ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo hewa iliyo juu ya vichwa vyetu ni pungufu. Pwani kanieneo ya hewa, yaani mkandamizo wake, huinua zebaki milimita 760. Kwetu ni kama 620. Maji huchemka pale mvuke wake unapopata nguvu sawa na hewa inayoyakandamiza. Hewa ikikandamiza kidogo, yanachemka mapema, yakiwa bado hayajapata joto kamili. Na yakishachemka, hata uyawekee gunia zima la mkaa, yatakauka upesi tu, joto halizidi.

Wenzangu waliandika. Mimi nilikuwa namuwaza mama. Mama alikuwa anauza chakula sokoni Mwanjelwa, na maharage yake aliyateleka saa tisa usiku ili mchana yawe yameiva. Siku zote alisema kwao Kyela, kule chini bondeni, maharage yanaiva upesi kwa sababu maji ya Kyela ni laini. Sisi watoto tuliitikia tu, maana nani angembishia mama kuhusu maharage?

Nikamsimulia mwalimu. Akakiviringisha kipimajoto kwenye gazeti, akaniazima, akaniambia nikienda Kyela likizo nibebe na maji ya Uyole.

Nilikifunga ndani ya khanga, chupa ya lita moja ya maji ya bomba nikaipakata. Gari likateremka Tukuyu, migomba na chai pande zote, masikio yakawa yanaziba na kuzibuka. Kufika chini tulikuwa tumeshavua masweta. Jikoni kwa bibi, kwenye mafiga, nikachemsha kwanza maji ya kisima chake. 98. Nikamwaga, nikaweka yale ya Uyole. Mkono ulikuwa unanitetemeka. Uzi ukapita 94 bila hata kusita, ukaenda kusimama 98.

Bibi akauliza, “Mjukuu wangu, mbona unayaangalia maji kama mgonjwa?” Nikamwonyesha ule uzi mwembamba unaong'aa. Aliutazama mpaka moto ukafifia.

Niliporudi nilimkuta mama jikoni, usiku, anaongeza mkaa chini ya maharage yanayotokota kwa nguvu. Nikamsimulia yote, ya hewa, ya masikio kuziba, ya chupa. Nikamwambia maji ya Uyole yakiwa Kyela yanapata moto uleule wa maji ya Kyela. Alinisikiliza bila kunikatiza, jambo ambalo halikuwa kawaida yake wakati wa kazi.

“Kwa hiyo si maji,” akasema.

“Si maji, mama. Ni hewa.”

“Na huu mkaa ninaoongeza?”

“Unakausha mchuzi tu. Yakishachemka, moto mdogo unatosha. Tuwe tunayaloweka tangu jioni.”

Akanyamaza kidogo. Kisha akachukua koleo, akatoa makaa matatu mekundu, moja moja, akayafukia kwenye majivu pembeni ya jiko. Tukainama wote wawili juu ya sufuria kuangalia. Maharage yakaendelea kutokota, taratibu.