Kopo, rula na ukanda wa karatasi: ninavyofundisha pai kwa vitendo

Wanafunzi wa madarasa ya juu ya msingi hukariri upesi kwamba pai, yaani mzingo wa duara ukigawanywa kwa kipenyo chake, ni 22/7. Waulize hiyo 22/7 imetoka wapi, darasa zima linakaa kimya. Siku hizi siiandiki ubaoni mpaka wao wenyewe waikaribie kwa kupima. Naeleza hapa ninavyofanya, hasa kwa mwalimu mwenye darasa kubwa na vifaa haba.

Vifaa vyenyewe ni vya kuokota: makopo matupu, vizibo, mifuniko ya ndoo, sahani. Kila kikundi kinapata rula moja na ukanda mwembamba wa karatasi. Uzi nimeuacha kwa sababu huvutika; mtoto akiukaza juu ya rula, kipimo kimeshabadilika.

Kabla mtu hajagusa chochote, nasimamisha mezani kopo lenye kipenyo cha sentimita 7 na kimo cha sentimita 12. Swali ni moja: kipi kirefu zaidi, kimo cha kopo au mzingo wake? Kila mmoja anaandika jibu daftarini, kwa wino. Kwangu hii ndiyo sehemu nyeti kuliko zote. Mtoto aliyeandika “kimo” ana jambo la kutetea, kwa hiyo atafuatilia kipimo mpaka mwisho. Asiyeandika kitu atatazama wenzake, kisha ataitikia tu “ndiyo mwalimu”. Walio wengi huchagua kimo. Tunazungusha ukanda, tunatia alama unapokutana, tunaulaza juu ya rula: kama sentimita 22, karibu mara mbili ya kimo. Makelele yanayofuata nayaacha kidogo. Mwalimu wa chumba cha jirani alikuwa akija kuchungulia kama nimo darasani; sasa amezoea.

Hapo ndipo nagawa vifaa, si mapema. Ukivigawa kabla ya maelekezo, utakuwa unaelekeza hewa. Vikundi vyangu ni vya watu wanne: mmoja anashika kitu, mmoja anapima, mmoja anaandika, mmoja anarudia kipimo ili kukihakiki, na kwa kila kitu kipya wanabadilishana kazi. Vikundi vya watu wanane vinapendeza kwenye andalio la somo tu. Darasani wawili hufanya kazi na sita huwa watazamaji.

Mzingo hauwasumbui. Kinachowasumbua ni kipenyo, kwa kuwa mfuniko wa ndoo hauna alama ya kitovu. Wengine huweka rula popote na kusoma. Nawaacha wagombane, kisha nauliza ni upana upi ulio mkubwa kuliko wote. Taratibu wanagundua kwamba rula ikisogezwa, kipimo kinaongezeka mpaka mahali fulani, halafu kinaanza kupungua; pale kinapofikia kilele ndipo penye kipenyo. Kwa makopo kuna njia rahisi zaidi: libane kopo kati ya vitabu viwili vilivyosimama sambamba, liondoe, upime nafasi iliyobaki.

Kila kikundi kinaleta namba zake kwenye jedwali ubaoni: mzingo, kipenyo, na jibu la kugawa mzingo kwa kipenyo. Majibu hayalingani sawasawa. Utaona 3.0, 3.1, 3.24. Mwalimu hapa hushikwa na hamu ya kusahihisha yote yawe 3.14, na nadhani kufanya hivyo ni kuliua somo, kwa sababu mtoto anajifunza kwamba kupima kulikuwa mchezo na jibu halisi lilikuwa mfukoni mwa mwalimu. Mimi nauliza kwa nini vizibo vinatofautiana sana kuliko mifuniko ya ndoo. Tunapiga hesabu pamoja. Kizibo cha kipenyo cha sentimita 3 kina mzingo wa kama 9.4, ukikosea milimita moja ukasoma 2.9, unapata 3.24. Mfuniko wa sentimita 30 una mzingo wa kama 94.2; ukikosea milimita hiyo hiyo ukasoma 29.9, unapata 3.15. Baada ya hapo vikundi vyenyewe huomba virudie kupima kwa vitu vikubwa.

Sasa ndipo 22/7 inapoingia, na Archimedes, mwanahisabati wa Ugiriki ya kale, naye. Zaidi ya miaka 2,200 iliyopita alibana duara kati ya maumbo mawili ya pande 96, moja ndani na jingine nje, akaonyesha kwamba pai ni kubwa kuliko 223/71 na ndogo kuliko 22/7. Kwa hiyo 22/7 yetu imezidi kidogo. Wanafunzi hufurahi kusikia kwamba hata namba ya kitabuni ni makadirio.

Eneo la duara nalifanya kipindi kinachofuata, na hilo ni jepesi: wanakata duara la karatasi vipande 16 kutoka kitovuni, wanavipanga kimoja juu kimoja chini, na umbo linakaribia mstatili wenye upana sawa na nusukipenyo na urefu sawa na nusu ya mzingo. Fomula wanaitoa wenyewe.

Kwenye jaribio siulizi “tafuta mzingo”. Nawapa kopo lile lile, kipenyo 7 na kimo 12, nawaambia watafute eneo la karatasi ya lebo inayolizunguka lote bila kupandana. Neno mzingo halimo kabisa kwenye swali. Jibu ni sentimita za mraba 264, ila nusu ya alama naitoa kwa mchoro wa lebo iliyokunjuliwa, wenye vipimo vyake.