Picha ilifika kabla ya Baba mkubwa

Kwetu Soni, kwenye milima ya Usambara, habari ya msiba haipelekwi na yeyote tu. Ukoo wetu una mtu wake wa kazi hiyo, naye ni Baba mkubwa, fundi seremala aliyekwisha kuacha kazi kwa uzee, mwenye sauti ya chini. Hakuna kikao kilichomchagua. Watu walimwona anavyoweza, wakaanza kumtuma.

Haendi peke yake. Humchukua mama mmoja mtu mzima, jirani wa wafiwa, anayejua nani ndani ya nyumba ile ana presha na nani ni mjamzito. Kabla hajapiga hodi, vijana wawili watatu huwa wameshasogea karibu na nyumba kama watu wenye shughuli zao, ili mtu akianguka apatikane wa kumdaka. Akikaribishwa huketi, akasalimia mpaka salamu ziishe. Huuliza kama watu wamekula. Kama bado, husubiri wale, maana anajua baada ya hapo hakuna atakayetia kitu mdomoni mpaka kesho yake. Kisha huanzia mbali. Fulani alikuwa safarini. Gari lao limepata ajali. Amepelekwa hospitali. Hali si nzuri. Baada ya kila neno hunyamaza, na katika ukimya ule mtu anajisogeza mwenyewe, hatua kwa hatua, hata neno la mwisho linapotamkwa moyo wake umeshaanza kulipokea.

Walio mbali nao wana utaratibu wao. Ukiwa Dar es Salaam au Mwanza utapigiwa simu uambiwe mama anaumwa, njoo. Utajua umefiwa ukishuka stendi ya Mombo na kuona waliokuja kukupokea ni wengi mno.

Wapo wanaosema huku ni kudanganyana. Nimewasikia, hasa vijana wenzangu waliosoma, na sikubaliani nao. Mtu aliyepanda basi peke yake akijua mama yake amekufa, amekaa kwenye kiti na wageni saa nane nzima, anateswa bila sababu. Wazee wetu waliliona hilo wakatafuta njia. Naihesabu njia hiyo kati ya mambo ya huruma kuliko yote tuliyoachiwa, na naandika leo kwa sababu naona inakufa mikononi mwetu, na kinachoiua ni simu.

Kaka yangu alifariki barabara ya Segera kwenda Chalinze, gari dogo alilopanda lilipogongana na lori. Mimi ni fundi cherehani hapa Tanga mjini. Nilikuwa kazini, simu iko juu ya meza karibu na mkasi, ikaingia picha kwenye kundi la kikoba chetu. Juu yake kumeandikwa: "Ajali mbaya sana muda huu, Mkata. Mungu awarehemu." Chini, wenzangu wameshaanza kujibu: jamani, inna lillahi, poleni sana wafiwa. Mfiwa nilikuwa mimi, na nilikuwa nimo humo humo kundini.

Uso sikuutambua mara moja. Nilitambua shati. Nilimshonea mwenyewe, kitenge cha kahawia, na kitambaa kiliponiishia nikamwekea kola ya bluu. Hakuna shati jingine kama lile duniani.

Nilipiga namba yake, ikaita mpaka ikakata. Nikampigia wifi, Dar. Alipokea kwa furaha, akaniuliza kama kaka amenipitia Tanga au amepanda gari moja kwa moja. Sikuweza. Nilimwambia nitampigia tena, nikakata, nikampigia shangazi yetu wa Mbagala nikamwomba aende pale nyumbani haraka, achukue na mtu mwingine. Nilijaribu kufanya kama Baba mkubwa anavyofanya. Shangazi alikuwa bado kwenye daladala wakati mtu mmoja aliyesoma na kaka alipomwandikia Facebook "pumzika kwa amani ndugu yangu", akamtaja jina. Wifi alipata habari ya kifo cha mumewe kwa mlio wa simu, akiwa jikoni, mtoto mdogo mgongoni.

Ninayetaka kumsemea zaidi ni mama. Mama yangu hana simu janja. Ana kitochi cha kupokea simu, na namba anazijua kwa picha ya kuku na picha ya mti tulizombandikia. Hajawahi kufungua kundi lolote. Bado mitandao ilimfikia uani kwake. Alikuwa anachambua mboga, mtoto wa jirani wa darasa la sita akaja mbio na simu ya dada yake akamwekea mbele ya macho: "Bibi, huyu si mjomba?" Mtoto hana kosa. Aliona kitu kikubwa akakimbilia kwa mtu mzima, kama tulivyomfundisha.

Wakati huo Baba mkubwa alikuwa ameshapata simu ya polisi, yuko sokoni Soni anamtafuta yule mama wa kumsindikiza. Alifika akakuta vilio.

Sisi ni Waislamu. Mwili wa kaka uliletwa, ukaoshwa na watu wachache wanaoaminika, na kwa adabu ya kazi ile muoshaji hatoki nje kusimulia alichokiona. Akiona jeraha, akiona aibu yoyote ya mwili, anaizika kifuani mwake. Watu wazima wale walifanya kazi yao kwa staha ile ile iliyofanywa kwa babu zetu. Na muda ule ule, nje ya ukuta, vijana waliokaa kwenye mabenchi ya msibani walikuwa na picha ya mwili huo huo simuni, kabla ya kufungwa macho. Mama aliletewa mwanawe akiwa amesitiriwa vizuri, lakini anachokiona akifumba macho ni ile picha. Mpaka leo. Anasema angepewa nafasi ya kumwona mara ya kwanza akiwa ndani ya sanda, angeweza kulala.

Nimesoma sana tangu hapo, usiku, nikitafuta kama kuna wengine. Kobe Bryant, yule mchezaji mkubwa wa mpira wa kikapu wa Marekani, alikufa kwa ajali ya helikopta Calabasas, California, tarehe 26 Januari 2020, pamoja na binti yake Gianna na watu wengine saba. Mkewe, Vanessa, alieleza mahakamani kwamba alikuwa ameambiwa kuna walionusurika, na akiwa bado anajaribu kumpata mumewe, simu yake ikaanza kujaa ujumbe wa "RIP Kobe". Mwanamke mwenye fedha zote zile, na wifi yangu mwenye genge la nyanya, walipata habari kwa mlango mmoja. Baadaye ikajulikana kuwa askari na wazimamoto walipiga picha za miili na kurushiana. Vanessa alishtaki, na Agosti 2022 baraza la wazee wa mahakama likaamua yeye na mfiwa mwenzake walipwe jumla ya dola milioni 31. California ikatunga sheria, mwaka ule ule wa 2020, kumzuia mwokoaji kupiga picha za marehemu zisizo za kazi. Ujerumani imekwenda mbali zaidi: tangu Januari 2021, mtu yeyote, hata mpita njia, akipiga au kusambaza picha inayomdhalilisha marehemu anaweza kufungwa hadi miaka miwili.

Sisi tuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Kifungu chake cha 16, ambacho watu wengi wanakijua, kinahusu habari za uongo. Picha ya kaka yangu haikuwa ya uongo. Ilikuwa kweli tupu, ndiyo maana iliumiza. Natamani wabunge wetu walitazame hilo kwa jina lake: staha ya marehemu na zamu ya familia kujua kwanza.

Agosti 2019, lori la mafuta lilipolipuka Msamvu, Morogoro, watu zaidi ya mia moja wakafa. Nchi nzima iliona video za waliokuwa wakiungua. Nakumbuka ziliingia kwangu mfululizo, kutoka kwa watu wema, watu wa swala tano na watu wa kwaya. Kila mmoja aliongeza "inasikitisha". Sina shaka walisikitika. Lakini yule anayetembea barabarani kwenye video alikuwa na mama mahali fulani, na mama huyo alikuwa na jirani mwenye simu.

Kwa nini tunafanya hivi? Nilimuuliza kijana mmoja wa bodaboda hapa kijiweni kwetu, anayependa kurekodi ajali. Alinijibu bila kuficha: akiweka wa kwanza, watu wanamfuata, akiweka wa pili, hakuna anayemtazama. Kuna kurasa zinazoishi kwa hilo, zinakusanya wafuasi kwa damu halafu zinawauzia matangazo ya mafuta ya nywele. Mtandao unamlipa aliyewahi. Haumuulizi kama waliopaswa kujua kabla yake wameshajua. Baba mkubwa thamani yake yote iko kwenye kuchelewa: anajua, na anasubiri. Kwenye simu mtu wa namna hiyo hana nafasi.

Kampuni zenyewe zimejaribu kitu kidogo. WhatsApp walianza kupunguza mwaka 2018, baada ya uvumi wa watekaji watoto kusababisha watu kuuawa na makundi ya wananchi India. Mwaka 2019 wakaweka kikomo dunia nzima: ujumbe mmoja kwa watu au makundi matano kwa mkupuo. Aprili 2020 ujumbe uliokwisha kuzunguka sana, ule wenye mishale miwili, ukabaki kutumwa sehemu moja tu kwa mara moja, na walisema usambazaji wa jumbe za aina hiyo ukapungua kwa asilimia 70. Hilo limesaidia, nakubali. Lakini kundi moja sasa linaweza kuwa na watu 1,024. Na kwa kuwa tangu 2016 ujumbe wa WhatsApp unafungwa usisomwe na mtu wa katikati, hakuna wa kuizuia picha njiani. Anayeweza ni mtu mwenye kidole juu ya kitufe.

Hata kule ambako kuna walinzi, walinzi nao ni watu. Hapo Nairobi, vijana kutoka nchi nyingi za Afrika waliajiriwa kupitia kampuni ya Sama kuanzia 2019 kuichujia Facebook: kutazama mauaji, watu wanaojiua, watoto wanaoteswa, siku nzima, ili sisi tusiyaone. Daniel Motaung, Mwafrika Kusini aliyeifungulia kesi Meta, kampuni mama ya Facebook, pamoja na Sama mwaka 2022, alisema video ya kwanza aliyokutana nayo kazini ilikuwa ya mtu akikatwa kichwa. Desemba 2024, taarifa ya kitabibu iliyowasilishwa mahakamani na Dkt. Ian Kanyanya wa Hospitali ya Taifa ya Kenyatta ilionyesha zaidi ya wafanyakazi 140 wa kazi hiyo wana ugonjwa wa kiwewe. Nilipoisoma nilimfikiria yule mtoto wa darasa la sita. Yeye aliona bila mshahara na bila daktari.

Sisemi watu wafumbe macho barabarani. Ukikuta ajali, piga 112, piga 114 kama kuna moto. Kama una kanga au koti, msitiri aliyelala. Ukitaka kuandika, andika mahali, saa, na aina ya gari. Familia inayotafuta mtu wake inahitaji kujua ielekee hospitali ipi, na hilo maneno yanatosha. Uso wa mtu haumwelekezi yeyote popote. Na jina usiliandike mpaka familia yenyewe iwe imeliandika. Kwenye kundi la ukoo wetu sasa ndivyo tulivyokubaliana: hata pole haitolewi mpaka Baba mkubwa aandike kuwa amemaliza. Siku nyingine kundi linakaa kimya mpaka jioni, kila mtu anajua, na kimya hicho kinatusaidia.

Mwaka jana picha ya kaka ilirudi. Safari hii kwenye kundi la wazazi wa shule, imeandikwa ni ajali ya asubuhi ile, mkoa mwingine kabisa. Watu wakaanza kuuliza basi gani, mmoja akasema mume wake yuko njia hiyo, akaanza kulia kwa ujumbe wa sauti. Nilimpigia admin, akaifuta kwa wote, na aliyeituma akanifuata pembeni kuniomba radhi kwa dhati. Sikumlaumu. Yeye aliitoa kundi lingine, na huko nako ilitoka kundi lingine. Wazazi wote wa shule ile wamo mle, na simu nyingi huhifadhi picha zenyewe bila mtu kugusa, kwenye albamu ile ile ambayo watoto hufungua wakitafuta katuni. Ingia kwenye mipangilio ya WhatsApp uzime hilo, ni jambo la dakika moja.

Na kama kwenye simu yako kuna picha ya mwanaume amelala kando ya lori, shati la kitenge cha kahawia, kola ya bluu, naomba uifute. Usinitumie kuniuliza kama ndiyo yenyewe.